Safari ya usaili tuliyosamehewa bila kuomba

Ukimtajia Mkenya safari ya usaili, kinachomjia kichwani ni basi la usiku. Umepanda Mombasa saa tatu, shati ulilolipiga pasi limelazwa juu ya begi lisikunjike, na alfajiri unateremka Nairobi ukitafuta choo cha kulipia unawe uso na kubadilisha viatu. Kufikia saa mbili umeketi mapokezi, bahasha ya vyeti mapajani. Nauli ni yako, chai ni yako, na ukikosa kazi hasara ni yako pia. Ndiyo maana siwalaumu vijana wetu wanaoomba nafasi za uzamivu (PhD) Marekani kwa kuupokea usaili wa mtandaoni kama rehema. Msimu ni uleule wa Januari hadi Machi. Programu nyingi za baiolojia na sayansi za tiba zimerejea kuwaita waombaji vyuoni kwa siku mbili tatu, lakini aliye Nairobi, Kampala au Kigali kwa kawaida huambiwa abaki kwao, atahojiwa kwa Zoom. Wengi husema afadhali. Mimi naona tumeipigia hesabu safari ya Wamarekani kwa nauli ya basi letu, na hesabu imetoka kombo.

Safari hiyo haijawahi kuwa mtihani wa mwombaji peke yake. Kwa kiasi kikubwa ni posa: chuo kinamlipia mwombaji tiketi, kinamlaza hotelini, kinamlisha, kisha kinajianika mbele yake ili akubali kukipa miaka mitano au sita ya ujana wake. Kumhoji mtu kwa skrini si dhuluma, na pengine wote wangehojiwa hivyo. Dhuluma iko katika kumwondolea mwombaji wa mbali ile nusu ya pili ya safari, ambayo ndani yake yeye ndiye msaili, huku mwenzake aliye Marekani akiendelea kuifaidi. Tunashangilia kusamehewa kitu tulichopaswa kukidai.

Kwa asiyeyajua mambo haya: maombi hufungwa mara nyingi ndani ya nusu ya kwanza ya Desemba. Kamati ya udahili huchuja, na kufikia Januari walioteuliwa huwa wamepata mwaliko. Mwombaji hufika, tuseme, Alhamisi jioni. Ijumaa huzungushwa kwa maprofesa wanne, watano, hata sita, kila mmoja nusu saa ofisini kwake, wakizungumzia utafiti alioufanya na anaotamani kuufanya. Katikati kuna chakula cha mchana, mabango ya utafiti yaliyopangwa ukumbini, matembezi maabarani. Jumamosi huonyeshwa mji na mitaa ambayo wanafunzi wamepanga vyumba. Ofa hutoka Februari au Machi, naye ana hadi 15 Aprili kuamua, tarehe ambayo vyuo vingi vimeafikiana chini ya mwavuli wa Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vyenye masomo ya uzamili na uzamivu. Tangu programu nyingi za baiolojia ziache kudai GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya juu, uzito wa siku hizo mbili umeongezeka badala ya kupungua.

Lakini ukiwauliza walioipitia, watakwambia utamu wa safari ni kile chakula cha jioni ambacho maprofesa hawaalikwi. Hapo ndipo mwanafunzi wa mwaka wa nne, baada ya glasi ya pili, anapokunong'oneza kwamba yule profesa mwenye tabasamu la asubuhi hajamhitimisha mtu chini ya miaka saba. Utaambiwa posho huisha tarehe ngapi ya mwezi. Utasikia nani alihama maabara na kilichomhamisha. Na yako yasiyosemwa, ila huonekana: maabara ambayo watu wake wanataniana, na ile ambayo mlango ukifunguka kila mmoja anainamia kazi yake. Tovuti ya idara haiandiki hayo, na mwanafunzi mwenye akili timamu hatayatia kwenye barua pepe wala kuyatamka mbele ya kompyuta ambayo hajui kama inarekodi. Sasa fikiria ni nani anayeuhitaji umbea huu zaidi. Mmarekani akikosana na msimamizi wake anaweza kuacha masomo, akarudi kwa mamake Ohio, akatafuta kazi. Mgeni viza yake imefungamana na masomo hayo. Akiyaacha, ruhusa ya kukaa nchini nayo huenda. Anayehitaji kusikia ya jikoni kuliko wote ndiye asiyealikwa mezani.

Mambo hayakuanza hivi na Zoom. Hata kabla ya korona, mwombaji aliye ng'ambo alihojiwa kwa simu au Skype, wengine wakaitwa. Machi 2020 ziara zilikatizwa ghafla, na misimu iliyofuata kila mtu akawa sawa mbele ya skrini, wa Boston na wa Bungoma. Kwa miaka hiyo michache tulikuwa na usawa wa ajabu, uliotokana na janga. Ziara ziliporudi, usawa ule ukavunjika kimyakimya. Na mstari uliochorwa si wa uraia, jambo ambalo wengi hawalitambui. Mkenya aliyesoma shahada ya kwanza Minnesota hununuliwa tiketi kama Mmarekani yeyote, kwa kuwa miguu yake tayari iko huko. Mkenya mwenzake aliyesoma Eldoret au Maseno huonyeshwa kiungo cha Zoom. Kwa hiyo safari ya usaili imekuwa faida juu ya faida: aliyebahatika kuvuka bahari mara moja anavushwa tena, na asiyebahatika anapongezwa kwa kupunguziwa usumbufu.

Wanaotetea skrini wana hoja nzito, nami sitaki kuzipuuza. Ya kwanza ni viza. Ada ya viza ya matembezi ya Marekani ni dola 185 tangu Juni 2023, karibu shilingi 24,000 za Kenya, na ukikataliwa hairudi. Kuna vipindi ambapo kusubiri miadi ubalozini Nairobi kulipita mwaka mzima, ilhali kati ya mwaliko na ziara huwa kuna wiki chache tu. Kwa jirani zetu wa Tanzania mambo ni mabaya zaidi: tangu Oktoba 2025 anayeomba viza ya matembezi anaweza kutakiwa aweke dhamana ya hadi dola 15,000, na kuanzia 1 Januari 2026 viza za matembezi na za masomo kwa raia wake zimewekewa zuio kwa tangazo la Rais Trump, wachache tu wakiachwa nje yake. Kwa Mtanzania wa leo swali la usaili limemezwa na swali kubwa zaidi. Ya pili ni fedha za programu zenyewe. Mwaka 2025 ruzuku za utafiti zilitikisika kiasi kwamba shule ya tiba ya UMass Chan, jimboni Massachusetts, ilifuta ofa za uzamivu ilizokwisha kutoa. Kuitaka programu ya namna hiyo ilipe tiketi za Nairobi ni kumdai mfiwa sherehe. Ya tatu ni moshi wa ndege zinazowarusha watu wakanywe kahawa na maprofesa sita, nayo siibishii.

Hoja dhaifu iko upande wa pili, na cha kushangaza ndiyo inayotolewa kwa sauti kubwa: kwamba mtu hajulikani mpaka umtazame usoni, hivyo ziara ni lazima ili kamati ichague vizuri. Maprofesa huisema kwa uhakika wa mganga. Kuna kisa kimoja ambacho kingepaswa kuwafanya waone haya. Mwaka 1979 shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Texas kule Houston ilikuwa imewasaili waombaji wapatao 800, ikawapanga kuanzia bora hadi duni, ikachukua 150 kutoka juu. Kisha bunge la jimbo likaamuru waongezwe 50. Kufikia hapo wazuri waliobaki walikuwa wamechukuliwa na vyuo vingine, kwa hiyo shule ikalazimika kushuka hadi mkiani mwa orodha, kati ya nafasi ya 700 na ya 800, kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wamepata nafasi popote. Walipofuatiliwa, darasani, wodini na hata mwaka wao wa kwanza baada ya kuhitimu, hapakuonekana tofauti ya maana kati yao na wale walioipendeza kamati. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987 katika jarida la kitabibu la JAMA. Najua udaktari wa hospitali si utafiti wa maabara. Lakini kama jopo lililomtazama mtu machoni halikuweza kumtofautisha wa juu na wa mkiani, nusu saa ya gumzo ofisini, isiyo na maswali ya kudumu wala alama zilizokubaliwa, inatupa sababu gani ya kuiamini zaidi? Si bure kwamba Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, miaka ya mwanzo ya 2000 kilibuni usaili wa vituo vifupi vingi, kila kituo na msaili wake na swali lake, ili pendo au chuki ya mtu mmoja isiamue kila kitu.

Hapo mtu atasema: kama usaili wenyewe hautabiri sana, basi skrini inatosha, na makala yako imejifuta. Ingekuwa hivyo kama wote wangekuwa kwenye skrini. Kinachotendeka sasa ni mseto, nao ndio mpango mbaya kuliko yote. Mwisho wa msimu kamati inakaa kwenye meza moja kupima watu wawili. Mmoja walikula naye, wakamcheka alipomwaga mchuzi, wanamkumbuka kwa jina la utani. Wa pili ni uso wa ukubwa wa stempu uliokuwa ukigandaganda. Mwaka 2018 watafiti Eryn Newman na Norbert Schwarz walionyesha jinsi jambo hili lilivyo la hatari: watu walisikilizishwa mwanasayansi yuleyule akieleza utafiti uleule, ila sauti kwa baadhi yao ilikuwa imechafuliwa. Waliosikia sauti mbaya waliuona utafiti hauna uzito, na mwanasayansi mwenyewe wakamwona hana akili sana. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Sikio lilihukumu kabla ya kichwa.

Mpwa wangu alihojiwa na programu moja ya California akiwa Eldoret. Saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ya kwao ni saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri ya kwetu. Alihamia sebuleni iliko ruta baada ya watoto kulala, akavaa koti la suti juu na leso chini. Saa sita unusu stima ikapotea. Profesa wa nne na wa tano aliwamalizia kwa bando la simu, tochi ya kakake ikimulika ukuta ili uso uonekane. Asubuhi alinipigia: "Mjomba, sijui hata nilijibu nini." Mwenzake aliye Marekani, kama nilivyosema, alikuwa amelala hotelini kwa gharama ya chuo.

Pingamizi moja imenisumbua kuliko viza. Wenye programu za baiolojia husema mwanafunzi halazimiki kujua maabara kabla ya kuja, kwa sababu mwaka wa kwanza hupitia maabara mbili tatu, kila moja wiki kadhaa, ndipo achague. Hiyo ndiyo ziara yenyewe, wanasema, tena ndefu kuliko ya siku mbili. Ni kweli, na kwa kuchagua msimamizi ni bora kuliko chakula cha jioni. Lakini mzunguko huo unakusaidia kuchagua chumba baada ya kuingia nyumba. Haukwambii kama nyumba ilikuwa ya kuingia: kama idara nzima imekumbwa na ugomvi, kama posho inatosha kodi ya mji ule, kama mgeni mweusi anaweza kuishi pale bila kuchoka roho. Kufikia wakati unayajua hayo umekwisha kuuza kitanda, umeaga kanisa na ukoo, na ofa nyingine zote zilikufa 15 Aprili. Kwetu hilo tunaliita kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hata kama baadaye unaruhusiwa kuchagua mguu wa kula.

Dawa si ngeni. Idara nyingi za kemia Marekani zimezoea kumkubali mwombaji kwanza, kwa makaratasi, ndipo zimwite aje kutazama. Hakuna anayepimwa siku hiyo. Kinachopimwa ni idara. Wenzao wa baiolojia wangeweza kufanya hivyo bila kubomoa chochote: usaili wote kwa skrini, kwa maswali yaleyale na saa zinazomjali aliye mbali, kisha ziara kwa waliokubaliwa tu. Idadi ya tiketi ingepungua, hivyo moshi nao ungepungua. Na kwa sababu waliokubaliwa kutoka ng'ambo huwa wachache, gharama yao haitishi kama inavyosemwa. Posho ya mwanafunzi mmoja wa uzamivu katika programu nyingi za sayansi za tiba sasa iko kwenye dola 40,000 kwa mwaka au karibu nazo. Kwa miaka mitano ni dola 200,000, kabla ya kuhesabu karo na bima. Tiketi ya Nairobi, hata ikifika dola 1,800, haifiki asilimia moja ya fedha hizo. Chuo kinachosema hakina uwezo wa kumwonyesha mtu mahali atakapoishi, ilhali kinajiandaa kumlipa 200,000, kinasema tu kwamba hakijaona sababu ya kumbembeleza.

Na hapo pana jambo chungu. Hakimbembelezi kwa kuwa kinajua atakuja. Mmarekani mwenye ofa nne lazima apendezwe. Mwafrika mwenye ofa moja, au mbili, huhesabiwa kuwa kesha pendezwa. Sisi wenyewe tumeithibitisha dhana hiyo kwa shukrani zetu nyingi. Ni nani kati yetu aliyewahi kumwandikia mratibu wa programu na kuuliza, kwa adabu, kama kuna fungu la kumleta kabla ya kuamua? Tumezoezwa vingine. Katika vyuo vyetu mwombaji wa uzamivu ndiye huzunguka na andiko lake la utafiti kwenye korido, mwezi baada ya mwezi, akimvizia mtu wa kumsimamia. Wazo kwamba idara ingemfuata yeye linasikika kama mzaha. Tunabeba tabia hiyo hadi kwenye barua pepe za Wamarekani, nao hawana sababu ya kutusahihisha.

Tatizo la viza halitatatuliwa na programu yoyote, hilo nalikubali. Palipo na ukuta huo, kinachodaiwa ni kitu cha uzito sawa na ziara, na saa moja ya "maswali na majibu" yenye nyuso thelathini na msimamizi wa programu akisikiliza haifikii hapo. Kifaacho ni mazungumzo ya mtu na mtu na wanafunzi watatu au wanne, wakiwemo wageni, bila profesa wala kinasa sauti. Ni majina ya waliohitimu miaka ya karibuni na walioacha, ili mwombaji awatafute mwenyewe. Tena wanafunzi hao walipwe kwa muda wao, maana kumtembeza mtu kwa simu ni kazi.

Mpwa wangu alipata ofa mbili. Aliandikia ile ya California akaomba kuletwa kutazama. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: hakuna aliyewahi kuuliza akiwa ng'ambo, wataangalia. Waliangalia, fedha zikapatikana, ila miadi ya ubalozi iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa Agosti. Basi programu ikamtafutia mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Mganda, akatembea naye kwenye simu Jumamosi moja jengo likiwa tupu. Nilikuwa nimeketi kando nikinywa chai. Walipita friza zenye majina ya watu kwenye utepe, wakapita kituo cha basi, wakajadili kodi na mahali pa kununua unga wa ugali. Kisha mpwa wangu akasema, "Dada, zungusha simu nione unapokaa kufanya kazi." Yule dada akacheka, akanyamaza kidogo, akazungusha: meza saba zimebanana, dirisha hakuna. "Profesa alisema tutahamishwa," akasema. "Mwaka juzi."

Walizungumza dakika arobaini zaidi, nami nikaombwa nitoke chumbani. Tarehe 14 Aprili alikubali ofa, ya chuo kile kingine.